Kinywa cha Mtoto wa Darasa la Kwanza

Mwaka wa masomo uliopita nilimwaibisha mwanafunzi wangu mbele ya wenzake, na makala haya yameanzia hapo. Ilikuwa semina ya mwaka wa pili kuhusu sera za umma. Binti huyo alikuwa akiwasilisha kazi nzuri, iliyochimbwa kuliko nyingi nilizosoma muhula ule, lakini aliiwasilisha huku kiganja cha mkono wa kushoto kimefunika kinywa. Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Mara ya kwanza nilimwomba apaze sauti. Mara ya pili nilimwambia, kwa ule ukali ambao sisi walimu hupenda kuuita utani, kwamba hapa hatupo msibani, auondoe mkono usoni. Akauondoa. Darasa zima likaona alichokuwa akikisitiri: chonge mbili za juu zilizoota juu kabisa kwenye ufizi, nje ya safu ya meno mengine, kama wajumbe waliofika kikaoni wakakuta viti vimekwisha. Kijana mmoja wa nyuma akacheka. Binti alimaliza sentensi aliyokuwa ameianza, akakusanya karatasi zake, akakaa.

Siku chache baadaye nilimwita ofisini nimwombe radhi. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usijali, mwalimu, nimeshazoea." Afadhali angenilaumu. Tulizungumza zaidi ya saa moja. Amekulia Mbagala. Alipokuwa na miaka mitano au sita aliumwa sana magego, halali usiku, na mama yake akampeleka zahanati moja ya mtaani. Waling'oa mawili siku hiyo, na mengine mawili miezi michache baadaye. Mama alipouliza kama hakuna namna nyingine, aliambiwa asihofu, hayo ni meno ya utotoni, yataota mengine. Na kweli yaliota. Ambalo hakuambiwa ni kwamba yale mengine yangehitaji mahali pa kukaa. Binti ameniruhusu niandike habari hii bila jina lake, kwa sharti moja ambalo nitalitaja mwishoni.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilimfikiria binti yangu mwenyewe. Alipofika miaka saba tulimpeleka kwa daktari wa meno wa binafsi, kwa sababu tu mwenzangu kazini alinishauri na kwa sababu tulikuwa na uwezo. Daktari alimtazama kwa muda usiozidi dakika kumi. Alihesabu meno, akamwambia auma, fungua, uma tena; akamwuliza kama bado ananyonya kidole usiku, akaangalia anavyomeza na anavyopumua. Kisha akatuambia kwamba kwa sasa hakuna cha kufanya isipokuwa kuziba tundu dogo kwenye gego moja la utotoni, lisije likang'olewa kabla ya wakati wake, na turudi mwakani. Nilitoka pale nikihisi nimepigwa bei. Nimelipa hela ili niambiwe nisubiri? Sasa naelewa nilichokilipia: mtu mwenye ujuzi alikitazama kinywa cha mtoto wangu katika umri unaofaa, akasema lipi liachwe na lipi lisiachwe. Mama wa Mbagala naye alikwenda kwa mtaalamu. Yeye alipewa koleo.

Tiba ya mpangilio wa meno, ambayo wataalamu huiita othodontia, imeingia vichwani mwetu kwa picha ya waya za meno. Tunawaona nazo vijana wa Masaki na Oysterbay, tunawaona wasanii, na siku hizi wapo hata wanaozivaa kama pambo. Kwa hiyo ukitaja habari hiyo mbele ya ofisa wa halmashauri, ukaongeza neno Charambe au Tandale, atacheka. Shule haina matundu ya vyoo ya kutosha, atakwambia, darasa moja lina watoto mia na ushee tangu ada ifutwe, na wewe unatuletea habari ya kunyoosha meno? Kicheko hicho nakielewa, nami ningecheka. Ila kinatokana na kuchanganya mambo mawili. Waya ni tiba ya mwisho, ya gharama, na kwa kawaida ni ya mtoto aliyekwisha kubalehe. Ninachokizungumzia mimi ni kutazama, tena mapema, wakati ambapo sehemu kubwa ya madhara bado inaweza kuzuiwa kwa kazi ndogo na rahisi.

Chama cha madaktari wa othodontia cha Marekani kinashauri mtoto afanyiwe tathmini ya kwanza asipitishe miaka saba. Umri huo una sababu yake, na sababu hiyo ni ileile kwa mtoto wa Chicago na wa Chamazi. Karibu na miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Linaota kimyakimya, bila jino lolote kung'oka kulipisha, hivyo hakuna jino la kurusha juu ya paa wala sherehe ya pengo. Wazazi wengi huamini kwamba nalo ni la utotoni. Likioza, wanasema litaota lingine. Haliotí lingine. Ndilo hilo hilo la kuzeeka nalo.

Mbele ya gego hilo, kila upande, yapo magego mawili ya utotoni ambayo yanatakiwa yabaki mpaka mtoto afike miaka kumi, kumi na moja hivi. Watu hudhani kazi yake ni kutafuna tu. Yeyote aliyewahi kuchota maji kwenye bomba la mtaa anaijua kazi yake ya pili: unaacha ndoo yako kwenye foleni, unakwenda zako, na foleni inaheshimu ile ndoo mpaka urudi. Jino la utotoni ndiyo ndoo. Jino la ukubwani liko chini yake, ndani ya mfupa, linakuja. Ukiiondoa ndoo mapema, wa nyuma anasogea. Gego la miaka sita huteleza mbele, nafasi inaliwa milimita kwa milimita, na meno ya ukubwani yanapofika hukuta hapana mahali. Chonge za juu ndizo huumia zaidi, kwa kuwa huota kwa kuchelewa, kwenye miaka kumi na moja au kumi na mbili. Zikikuta pamejaa, hupanda juu kwenye ufizi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wangu, na mkono uliofunika kinywa chake chuoni una chanzo katika asubuhi moja ya zahanati alipokuwa na miaka mitano.

Tena hata pale ambapo jino halina budi kung'olewa, mambo hayajaharibika. Kuna kifaa kidogo cha kushikilia nafasi: pete ya chuma inayovalishwa jino la jirani, na waya uliopindwa unaolizuia lisisogee. Tathmini hiyohiyo ya miaka sita au saba humwona pia mtoto ambaye kunyonya kidole kumeanza kuyasukuma meno yake ya mbele, humwona ambaye taya la juu ni jembamba hata meno yanaumana kinyume, humwona anayepumua kwa mdomo kwa sababu pua imeziba miaka nenda miaka rudi. Wengi wa watoto hawa hawahitaji lolote zaidi ya ushauri kwa mzazi na tarehe ya kurudi.

Je, hali yetu ikoje hapa Dar es Salaam? Hatuhitaji kukisia. Mwaka 2009 jarida la European Journal of Orthodontics lilichapisha utafiti wa Matilda Mtaya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, uliofanyika katika shule za msingi za Kinondoni na Temeke. Walipimwa watoto 1,601 wenye wastani wa umri wa miaka 13. Asilimia 63.8 walikutwa na angalau aina moja ya kasoro katika mpangilio wa meno. Kwa asilimia 22.5, mstari wa katikati wa meno ya juu haukulingana na wa chini. Asilimia 21.9 walikuwa na nafasi za milimita 2 au zaidi kati ya meno. Asilimia 16.1 walikuwa na meno ya mbele yasiyokutana, ya juu na ya chini, hata mtoto akiuma. Nafasi inabaki wazi, na mkate au muhogo hauwezi kukatwa kwa meno ya mbele.

Namba ile ya 63.8 isomwe kwa akili. Katika hesabu hiyo ya nafasi mna mwanya, na mwanya kwetu ni uzuri uliosifiwa vizazi na vizazi. Sitaki daktari yeyote, wa Bergen au wa Upanga, aje kuuziba mwanya wa mtoto wa Kizaramo kwa jina la afya. Vilevile mstari wa katikati kupishana kidogo si ugonjwa wa kumnyima mtu usingizi. Theluthi mbili ya watoto wetu si wagonjwa. Lakini ukishakwisha kuyaondoa hayo yote, inabaki habari iliyo nzito kuliko ile asilimia ya jumla. Watafiti walipolinganisha watoto kwa kuzingatia hali zao nyingine, waliona kwamba uwezekano wa meno ya mbele kutokukutana ulikuwa mara 1.8 kwa mtoto anayeishi katika wilaya yenye kipato cha chini zaidi kati ya hizo mbili, na mara 2.1 kwa mtoto ambaye meno yake yamewahi kuoza. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kuoza ndiko kulikosababisha. Unasema viwili hivyo vinatembea pamoja. Kwangu mimi inatosha. Umbo la kinywa cha mtoto wa miaka kumi na mitatu, jambo tunalopenda kulisema ni la Mungu au la ukoo, linabadilika ukivuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Watoto wale walipimwa wakiwa na miaka kumi na mitatu, yaani baada ya mlango kufungwa. Sasa ni watu wazima, na baadhi yao bila shaka wana watoto wanaosoma shule zilezile. Tangu hapo Ubungo imemegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, mji umefika Bunju na Chamazi na umepita, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa. Tumegawa wilaya, tumepata wakuu wa wilaya wapya na ofisi mpya. Kwenye lango la shule bado kuna meza ya mama anayeuza ubuyu wa rangi, lambalamba na pipi kijiti, na hakuna anayekitazama kinywa cha mtoto anayeingia.

Naomba watumishi wa umma wanaosoma hapa waifikirie kadi ya kliniki. Tangu mtoto anapozaliwa mpaka anapofika miaka mitano, dola inamjua. Inampima uzito, inamchanja, inachora mstari wa ukuaji wake kwenye kadi, na mama anayechelewa kliniki hugombezwa kama mtoto. Kisha, akitimiza miaka mitano, kadi inaingia kabatini pamoja na vyeti vya ndoa na risiti za kiwanja. Mwaka unaofuata gego la miaka sita linaota. Yaani tunaacha kumtazama mtoto mwaka mmoja kabla ya jino litakaloamua mpangilio wa kinywa chake kufika.

Na msiniambie kwamba serikali haina njia ya kuingia darasani. Inaingia kila mara. Inaingia na vidonge vya minyoo na kichocho, walimu wanapanga watoto mistari, wanavimeza. Mwaka 2018 iliingia na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14, na uvumi ulipozuka, waganga, walimu na viongozi wa dini walikaa na wazazi wakaelewana. Njia ipo na imekanyagwa. Ambacho hakipo ni mtu aliyeamua kwamba kinywa nacho ni sehemu ya mtoto.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni kwamba maarifa ya kazi hii yalifanyiwa mazoezi hapahapa kwetu. Tumekuwa tukifundisha madaktari wa meno Muhimbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake, katika mpango wa huduma ya kinywa kwa jamii ulioendeshwa na shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, walijaribu njia ya kuziba meno bila umeme, bila mashine ya kutoboa, bila maji ya bomba. Unakwangua uozo kwa zana za mkono, unajaza dawa inayoshika kwenye jino, basi. Mtoto anaweza kulazwa juu ya meza ya darasa. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 dawa ya kujazia inayotumika katika njia hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Wanafunzi wa udaktari wa meno huko Brazili na Uholanzi wanaisoma. Nasi, tulioiazima ulimwengu, bado tunamkalisha mtoto wa miaka mitano kwenye kiti na kuchukua koleo, kwa kuwa kung'oa kunachukua dakika tano na foleni ni ndefu.

Simlaumu tabibu wa zahanati ile. Nimewaona matabibu wa meno wakifanya kazi. Mtu mmoja, kiti kimoja, taa inayowaka na kuzimika, wagonjwa arobaini nje, na wengi wao wamekuja baada ya wiki tatu za kumeza dawa za maumivu za duka la jirani. Mtoto anayelia usiku kucha anataka maumivu yaishe. Mama naye ana nauli ya kurudi mara moja, si mara tatu. Ukimweka daktari bingwa wa Ulaya katika chumba kile, kufikia saa nne asubuhi naye atakuwa anang'oa.

Simlaumu mzazi pia, na hapa nina ugomvi na baadhi ya wenzangu wasomi wanaopenda kusema kwamba watu wa pembezoni hawajali meno ya watoto wao. Kumbukeni habari ya "meno ya plastiki", ambayo wengine waliiita meno ya nailoni. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea nchini imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga kunatokana na meno ya uongo yaliyofichika ndani ya ufizi, na kwamba dawa yake ni kuyachimbua. Yaliyochimbuliwa, mara nyingi kwa zana chafu, yalikuwa vichipukizi vya chonge za utotoni, laini na vyeupe, kweli vikifanana na plastiki. Watafiti wa Muhimbili, Emil Kikwilu na Hiza, waliandika kuhusu jambo hilo katika miaka ya 1990, na mwanaanthropolojia Brad Weiss alilichunguza miongoni mwa Wahaya. Watoto walipoteza damu, wengine walipata maambukizi makubwa, na waliopona wakakua na mapengo, au na chonge za ukubwani zilizoharibika kabla hazijaota. Ni habari ya kutisha. Hata hivyo, mzazi anayembeba mchanga wake anayeharisha na kulipa fedha ili kinywa chake kitibiwe hawezi kuitwa mzazi asiyejali. Alijali mno. Alikwenda kwa yule aliyekuwa tayari kukitazama kinywa cha mtoto, kwa kuwa mwingine hakuwepo.

Kuna hoja nyingine inayostahili heshima, nayo hutolewa na madaktari wenyewe. Wanahofu kwamba tukianza kuhubiri tathmini ya mapema, tutafungua soko. Kliniki zitaanza kuwafunga watoto wa miaka saba vifaa wasivyovihitaji, na wazazi wa tabaka la kati, sisi tunaoogopa watoto wetu wasiachwe nyuma kwa lolote, tutalipa. Hofu hiyo ina msingi. Mapitio ya Cochrane kuhusu watoto ambao meno yao ya mbele ya juu yametokeza yanaonyesha kwamba kuanza tiba mapema kunapunguza uwezekano wa meno hayo kuvunjika, lakini kwa mengine yote mtoto aliyesubiri mpaka ujana hufika palepale, kwa tiba ya awamu moja badala ya mbili. Kwa hiyo jibu sahihi la tathmini, mara nyingi, ni lile nililopewa mimi nikakasirika: subiri. Mtoto anayeweza kusubiri kwa usalama ni yule aliyekwisha kutazamwa. Yule wa Mbagala hakuwa akisubiri, alikuwa amesahauliwa, na ukiwaona kwa mbali wote wawili wanaonekana hawafanyiwi chochote.

Basi nini kifanyike? Nina pendekezo ambalo ofisa yeyote wa halmashauri anaweza kulibeba mpaka kwenye kikao. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza, akiwa na miaka sita au saba, kinywa chake kitazamwe na tabibu wa meno wa kituo cha afya cha jirani, shuleni, katika muhula wa kwanza. Zinatosha tochi, kijiti cha kukandamizia ulimi, glavu, na daftari. Mwalimu asibebeshwe kazi ya kutambua magonjwa, ana mzigo wa kutosha. Kazi yake iwe kupanga mistari kama anavyofanya siku ya vidonge vya minyoo. Matokeo yaandikwe kwenye kadi ileile ya kliniki, ili irudi kutoka kabatini. Yanayozibika yazibwe palepale kwa njia iliyojaribiwa katika nchi hii miaka arobaini iliyopita. Wachache watakaobaki, wale wa meno yanayoumana kinyume au taya lenye kasoro, wapewe rufaa kwenda Temeke, Mwananyamala au Muhimbili wakiwa bado watoto.

Sitadai kwamba hili ni bure. Tabibu atakayekwenda shule ishirini za kata tatu atahitaji usafiri, na siku atakazokuwa huko kiti chake kituoni kitakuwa kitupu. Wala sidai kwamba litawafikia watoto wasioandikishwa, au wale wa shule zisizosajiliwa zilizojaa kando ya barabara ya Kilwa. Lakini linganisheni na upande wa pili. Mwanafunzi wangu aliulizia waya za meno alipopata fedha yake ya kwanza ya kujikimu. Alitajiwa zaidi ya shilingi milioni mbili, na miaka miwili ya kwenda na kurudi kila mwezi. Pengine na meno mengine mazima yangebidi yang'olewe ili kupata nafasi, nafasi ileile iliyopotea kwa uamuzi wa dakika tano.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa fursa ya kulisema hili kwa lugha ya kitita na kanuni. Nakumbuka kelele zilizopigwa mwaka huohuo usajili wa mtoto mmoja mmoja wa Toto Afya Kadi uliposimamishwa, ile kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi walipiga kelele kwa sababu walijua wanapoteza nini. Kwa kinywa hatupigi kelele, kwa kuwa hatujawahi kuahidiwa chochote. Ningependa kuona kwenye kitita cha msingi cha mtoto maneno matatu yametajwa kwa majina yake, yasiachwe chini ya neno "meno" ambalo kwa vitendo humaanisha kung'oa: tathmini ya kinywa akiwa na miaka sita au saba, kuziba magego ya utotoni, na kifaa cha kushikilia nafasi. Wanaharakati wanaofuatilia utekelezaji wa sheria hiyo wayaweke kwenye madai yao. Ni madai madogo, na yanapimika: shuleni walikuja au hawakuja, kadi imeandikwa au haikuandikwa.

Wengine mtaniuliza kama haya yote yana uzito wa kusimama pamoja na malaria, uzazi salama na maji. Nami nimejiuliza. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na nikitazama nyuma nawakumbuka wengi waliozungumza na mkono kinywani, waliokaa nyuma, waliocheka kwa kuinamisha kichwa, ambao niliwaandikia kwenye tathmini zao kwamba hawajiamini. Sijawahi kuuliza kwa nini. Niliona ni tabia. Tumejenga elimu inayompa alama anayesimama na kusema, usaili wa kazi unaompima mtu kwa dakika kumi za kwanza, siasa inayohitaji sura jukwaani, halafu tunadhani kinywa ni suala la urembo.

Sharti la mwanafunzi wangu lilikuwa hili: nisimalizie kwake, nimalizie kwa mdogo wake. Mdogo wake ana miaka sita na Januari anaingia darasa la kwanza katika shule ileile aliyosoma dada yake. Jumamosi iliyopita dada alimlaza kitandani, akawasha tochi ya simu, akamwambia afungue kinywa. Gego moja la utotoni lina tundu jeusi. Nyuma yake, upande wa chini kulia, ufizi umevimba kidogo na kitu cheupe kimeanza kuchungulia. Alinipigia simu kuniuliza ampeleke wapi ambapo hawatang'oa.